South Grove ya Calaveras: Mzunguko wa Kilomita Nane Kati ya Misekwoia

Wageni wengi wanaofika Calaveras Big Trees, hifadhi ya jimbo la California iliyo karibu na mji mdogo wa Arnold kwenye barabara kuu namba 4, huishia North Grove, msitu ulio jirani kabisa na lango, wakapiga picha zao na kuondoka. Siwalaumu, kwa sababu njia ya pale ni tambarare na miti yake ni ya kustaajabisha. Hata hivyo, mtu akiniuliza mahali pa kuiona misekwoia mikubwa, miti ya California yenye koni na mashina manene ajabu, kwa utulivu, nitamshauri aendelee kuendesha gari kilomita kama 14 ndani ya hifadhi, mpaka karibu na mwisho wa barabara, kisha aegeshe na kuizunguka South Grove kwa miguu. Msitu huu una misekwoia mikubwa ipatayo elfu moja, ilhali ule wa langoni una mia moja hivi, na bado watu unaokutana nao njiani ni wachache.

Njia huanza kwa kuvuka daraja la Beaver Creek, ikapanda taratibu, na kwa muda mrefu haimwonyeshi mgeni msekwoia hata mmoja. Hapo ndipo wasio na subira hulalamika, nami naona hapo ndipo penye ubora wake. Unapita kwanza kati ya mierezi na misonobari ya sukari, ambayo koni zake zilizoanguka zinaweza kufikia urefu wa sentimita 50, na jicho linazoea kwamba hiyo ndiyo miti mikubwa. Kisha unatokea msekwoia wa kwanza, mwekundu kama udongo wa kichuguu, na ile misonobari uliyokuwa ukiitazama kwa heshima inaonekana miche. North Grove haiwezi kukupa mshangao huo, kwa kuwa majitu yake yanakupokea ukiwa bado umeshika funguo za gari.

Gome la msekwoia linastahili kuguswa pale ambapo mti umeota ukingoni mwa njia. Ni laini, lina nyuzinyuzi, linabonyea kidogo ukilikandamiza kwa kiganja, na kwenye miti mikongwe unene wake unaweza kufika sentimita 60. Kwa kuwa halina utomvu mwingi unaoshika moto, miali hupita na kuacha kovu jeusi huku mti ukiendelea kuishi. Mti uitwao Palace Hotel umechimbwa na moto shinani mpaka ukawa na chumba, na ukisimama humo ukaangalia juu utaona mkaa mtupu, ilhali kileleni majani ni ya kijani. Moto huohuo ndio unaozikausha koni zikafunguka na kumwaga mbegu. Ajabu ni kwamba koni za mti huu mkubwa kuliko yote kwa ujazo hazizidi sana yai la kuku kwa ukubwa, na mbegu zake ni vipande vyembamba ambavyo pumzi inatosha kuvipeperusha.

Utulivu wa South Grove una historia yake. Baada ya mwindaji Augustus Dowd kuufikia msitu wa kaskazini mwaka 1852, wafanyabiashara hawakukawia. Mwaka 1853 wanaume 5 waliutoboatoboa mti mmoja kwa keekee kwa siku 22 hadi ukaanguka, na kisiki chake kikageuzwa sakafu ya kuchezea dansi. Mwaka uliofuata mti mwingine, Mother of the Forest, ulibanduliwa gome hadi kimo cha mita 35 ili likaonyeshwe New York na baadaye London, ambako liliteketea katika moto wa mwaka 1866. Gogo la mti wenyewe, lililounguzwa na moto mwingine, bado limesimama North Grove. Msitu wa kusini, uliokuwa mbali na hoteli na watazamaji, uliepuka maonyesho hayo, ukabaki mikononi mwa watu binafsi mpaka ulipoingizwa katika hifadhi mwaka 1954.

Mwisho wa njia kuna mchepuko unaokufikisha kwenye mti wa Agassiz, mkubwa kuliko yote hifadhini, wenye kimo cha mita 76 hivi na kipenyo kinachozidi mita 7. Usiukwepe hata kama miguu imechoka. Mtanzania hana haja ya kunyong'onyea mbele yake, maana katika bonde la Mrusungu, Kilimanjaro, kuna mti uliopimwa ukakutwa na kimo cha mita 81.5, ila kwa unene hatuna cha kujibu, kwani kipenyo cha wetu hakifiki mita 3.

Kasoro ninayoiona ni kwamba kile kipande cha mwanzo kisicho na misekwoia hurudiwa wakati wa kutoka, na saa za mchana wa kiangazi kina joto na vumbi. Anza asubuhi, beba maji ya kutosha, wala usitegemee mtandao wa simu. Mbwa hawaruhusiwi kwenye njia hii, na mgeni hutakiwa asitoke njiani, kwa kuwa mizizi ya misekwoia haiendi chini sana na udongo ukishindiliwa na nyayo mti huumia. Theluji hufunga barabara ya kuelekea huku wakati wa baridi, hivyo hakikisha kwanza kama imefunguliwa kabla ya kusafiri. Mimi ningechagua siku ya kazi mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati mbu wa mwanzo wa kiangazi wamekwisha na barabara bado inapitika. Mwenye watoto wadogo wasioweza kutembea nusu siku nzima abaki North Grove, lakini afike mapema kabla maegesho hayajajaa.