Leyland DAF ya jeshi la Uingereza: kilomita chache zisikudanganye

Lori lenyewe ni lile la tani 4, T244, lililorithi kazi ya Bedford katika jeshi la Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Usukani uko kulia, kwa hiyo Dar unaliendesha kama lilivyo, tofauti na Unimog za jeshi la Ujerumani zenye usukani kushoto. Langu linabeba maji na vifaa vya ujenzi Kigamboni na Bunju, kwenye zile njia za ndani ambako wakati wa masika Canter haipiti.

Nililichagua kwa ajili ya injini. Ni Cummins 6BT, lita 5.9, silinda 6, turbo, nguvu farasi 145. Injini za ukoo huu zimefungwa pia kwenye Dongfeng nyingi, kwa hiyo filta, pistoni, gasketi na nozo zinapatikana Kariakoo na Gerezani bila kuagiza ng'ambo. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, maana nozo hufanana kwa macho tu. Mafuta, tegemea kilomita 3 hadi 4 kwa lita ukiwa na mzigo. Vifaa vya kabini na vya ekseli ni habari nyingine: hivyo agiza Uingereza mapema, kabla havijaharibika.

Wauzaji hupenda kuonyesha dashibodi yenye kilomita chache. Ni kweli malori haya hayajatembea sana, ila yamekaa yadi miaka mingi, na mpira huzeeka gari likiwa limesimama. Anza na tairi. Langu linavaa 12.00R20, saizi ambayo maroli ya mchanga huvaa, kwa hiyo zipo. Usiangalie kashata (meno ya tairi), soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 1808 ni wiki ya 18 ya mwaka 2008. Tairi ya hivyo hata kama kashata zimejaa, ubavu umeshapasukapasuka na mzigo utaimaliza. Ringi zikiwa za vipande, fundi pancha atoe sindano ya valvu na upepo wote uishe kabla hajagusa pete ya chuma inayoshikilia tairi kwenye ringi, na ajaze tairi ikiwa ndani ya kizimba cha chuma. Pete ikiruka inaua.

Kisha breki za upepo. Jaza matenki, zima injini, kanyaga breki na ushikilie huku unatazama geji. Mshale ukishuka, paka povu la sabuni kwenye mipira ya upepo na chemba za breki zote utaona panapovuja. Mimi ningebadilisha mipira yote kwa mpigo, kwa sababu ukiziba mmoja, wa pili unafuata. Joto la pwani lina unyevu mwingi, kwa hiyo kila asubuhi fungua koki za chini ya matenki umwage maji.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni pini ya nyumba ya gia za taimingi (dowel). Kwenye 6BT za valvu 12 kuna pini fupi inayokaa kati ya bloku na nyumba ya gia. Mtikisiko huisukuma nje taratibu; ikidondoka kwenye gia, meno yanavunjika au nyumba inapasuka na oili yote inamwagika. Kazi yake ni ya siku moja. Toa nyaya za betri, feni, mkanda, puli ya krenki yenye bolti 4, halafu kava. Pini iko juu, jirani na gia ya kamshafti. Igonge irudi ndani, funga kibati cha chuma chini ya bolti ya pembeni ili kiizibe, tia Loctite (gundi ya bolti), na ukague bolti nyingine za nyumba hiyo. Sili mpya ya krenki iingie kavu kabisa. Mazoea ya kupaka oili kwanza ndiyo yanayoifanya ivuje. Bolti za puli, 125 Nm. Ukiwa hapo pima na nafasi ya valvu, injini ikiwa ya baridi: 0.25 mm za kuingiza, 0.51 mm za kutolea moshi.

Umeme ni volti 24, wa betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Redio usiichomoe kwenye betri moja. Betri hizo mbili zitapishana chaji, na zote zitakufa mapema. Funga kibadilisha umeme cha 24 kwenda 12. Taa za mbele zikigoma, jaribu kwanza swichi ya kijeshi, ambayo ina nafasi kadhaa pamoja na ile ya taa za msafara. Nimeona nyaya nzima zimefumuliwa bure kwa sababu hiyo tu.

Bodi ya maji isichomelewe kwenye chesisi. Chesisi hii imeumbwa ijipinde, na bodi iliyokazwa kila pembe huipasua. Tumia bolti, na mbele weka springi. Tenki la lita 5,000 ni tani 5 kabla hujapima tenki lenyewe, hivyo ishia lita 3,500 na uweke vizuizi ndani, la sivyo maji yatakusukuma kwenye kona. Rangi ya jeshi iondoe kabla ya usajili, ili ile itakayoandikwa kwenye kadi ya TRA iwe ndiyo iliyoko kwenye gari.