Shikome katikati ya mji: tathmini ya mafunzo ya likizo ya wazee wa mtaa, upande wa Igoma

Kwa wiki nne za likizo ya Juni niliwapeleka watoto wangu wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 9, kwenye mafunzo ya jioni yanayoendeshwa na wazee wa Kisukuma katika mtaa mmoja wa upande wa Igoma, hapa Mwanza. Wazazi kadhaa wameniuliza kama inafaa kuwapeleka watoto wao likizo ya Desemba, nami nimeona ni vyema niandike kwa urefu, kwa sababu jibu langu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti mawili ambayo siwezi kuyaeleza nikiwa nimesimama kituo cha daladala.

Kundi hilo halina ofisi wala kibao. Hukutana uwanjani kwa mzee mmoja, chini ya mwembe ulioegemea jabali, kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili na nusu, siku tano kwa wiki. Wanaolisimamia ni wazee saba, wanne wanaume na watatu wanawake, wengi wao wakiwa wamehamia mjini miaka mingi iliyopita kutoka Magu, Kwimba na Misungwi. Mwenyekiti wa mtaa anawatambua, na kabla sijalipa chochote nilionyeshwa barua waliyogongewa muhuri kwenye ofisi ya kata. Ada ilikuwa shilingi 15,000 kwa mtoto kwa wiki zote nne, mtoto wa pili wa nyumba hiyo hiyo akilipa nusu, pamoja na kilo moja ya unga. Kwa familia inayotegemea biashara ndogo kama yetu, gharama hiyo inabebeka.

Nilikwenda nikitarajia kwamba watoto watafundishwa kucheza ngoma na kusimuliwa hadithi za zamani, kisha warudi nyumbani walivyokuwa. Nilichokikuta ni kitu kingine. Siku ya kwanza watoto wapatao 40 walikalishwa chini, wakaelezwa kwamba vijijini kazi za pamoja za vijana zilikuwa na kiongozi aliyechaguliwa na vijana wenyewe, anayeitwa nsumba ntale, na kwamba kundi la vijana waliokwenda kulima pamoja liliitwa elika. Kisha wakaambiwa wamchague nsumba ntale wao, na wazee wakaondoka wakakaa pembeni. Mabishano yalichukua karibu saa nzima. Aliyechaguliwa hakuwa mkubwa kuliko wote wala mwenye mwili, bali alikuwa msichana wa kidato cha pili ambaye kila mmoja alikubali kwamba hasemi uongo. Tangu jioni hiyo yeye na wasaidizi wake wawili ndio waliopanga zamu za kuteka maji, kufagia uwanja na kuwasha moto, na ndio waliotoza faini. Anayechelewa huleta ndoo moja ya maji, na anayemtukana mwenzake huleta mbili na kuomba radhi mbele ya wote. Mwanangu aliteka ndoo tatu katika wiki ya kwanza, na wiki zilizofuata hakuteka hata moja.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha mafunzo haya, na ndilo linaloyatofautisha na semina ambazo vijana wetu huitwa ukumbini, wakapewa soda, wakaambiwa waache makundi mabaya. Kijana wa mjini ameonywa vya kutosha. Anachokosa ni dhamana, yaani kazi ambayo asipoifanya yeye haitafanyika na wenzake watalala njaa au watakosa moto. Wazee hawa hawakutunga jambo jipya. Wamechukua desturi waliyokulia nayo wakaileta kwenye mtaa ambao majirani wengi hawajuani kwa majina, na desturi hiyo imekubali kukaa.

Nitaeleza jioni moja ambayo niliishuhudia mwenyewe, kwa kuwa nilifika mapema kumchukua binti yangu. Mzee anayefundisha ngoma alikuwa amempa mwanangu kazi ya kukaza ngozi ya ngoma kubwa kwenye moto wa nyasi, kwa sababu ngozi ikipata unyevu hulegea na mlio wake hufifia. Kijana, kwa haraka zake, akaisogeza ngoma karibu mno na ndimi za moto. Mzee hakumfokea. Alichuchumaa kando yake, akamshika kiganja, akakiweka juu ya ngozi, akakiacha hapo. “Mkono wako ukiungua, na ngozi inaungua,” alisema. Mwanangu akaivuta ngoma nyuma kidogo, akapapasa tena, akaizungusha ili joto lienee hadi ukingoni, akagonga kwa kidole na kusikiliza, akazungusha tena. Walirudia hivyo kwa muda mrefu bila kusemezana, na hatimaye mlio ulipokaa sawa, mzee alimwitikia kwa kichwa tu. Mtoto huyu nyumbani hawezi kukaa dakika kumi bila kuomba simu yangu.

Baada ya kazi, moto ule ule hugeuka kuwa shikome, mahali ambapo wazee wa Kisukuma walizoea kuota moto jioni na vijana na kuwafunda. Mmoja wa mabibi huanza kwa kutamka “Kalagu!” na watoto wote huitikia “Kize!”, ndipo kitendawili kifuate. Binti yangu, ambaye Kisukuma chake hakikuwa kimevuka salamu, alianza kwa kuitikia tu, na kufikia wiki ya tatu alikuwa akitega vya kwake kwa lugha aliyochanganya na Kiswahili, na hakuna aliyemcheka. Kuna pia bao la isolo, ambalo wavulana walilipenda kupita nilivyodhani, na mzee mmoja hulitumia kufundisha hesabu kwa namna ambayo sikuielewa vizuri.

Jumamosi ya pili walikwenda Bujora, Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Musoma, kwa nauli iliyolipwa mbali na ada. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko pale yaliasisiwa kwa juhudi za Padre David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika, mzaliwa wa Quebec nchini Canada, akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Watoto walionyeshwa nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga na banda la ngoma za watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Lakini kilichowagusa zaidi ni habari za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma. Inasimuliwa kwamba Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19, walibishana nani ana dawa yenye nguvu, na mashindano yao yakawa ya ngoma, atakayevuta watazamaji wengi akihesabiwa mshindi. Pande hizo mbili hushindana hadi leo, hasa wakati wa Bulabo, sherehe ya Juni inayokwenda pamoja na sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi Takatifu. Ilikuwa busara kuwapeleka watoto huko baada ya kuonja kazi ya ngoma, na si siku ya kwanza, kwa maana walizitazama zile ngoma za watemi kwa macho ya watu wanaojua ngozi inakazwaje.

Kwa kuwa nimemtaja mtu wa Canada, niongeze kwamba hata huko wenyeji wa asili waliohama vijijini kwenda mijini walilazimika kujianzishia vituo vyao vya kukutana na kusaidiana, kile cha mji wa Winnipeg kikifunguliwa mwaka 1959, na leo vituo vya namna hiyo nchini humo vimepita 100. Waliovianzisha waliona kwamba familia iliyohamia mjini haikosi tu chumba na kazi, bali hukosa pia wajomba, mashangazi na mabibi wa kumsaidia mama kulea. Wazee wetu hawana jengo wala ruzuku kama vituo vile, ila upungufu wanaouziba ni huo huo.

Ndiyo maana kila Ijumaa mzazi hulazimika kufika. Hakuna hotuba. Mzazi hukaa kwenye kigoda karibu na mwanawe, hula naye michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa) na matobolwa (viazi vilivyochemshwa kisha kuanikwa) waliyoandaa watoto, na mtoto hutakiwa kumweleza mzazi wake jambo moja lililomwia gumu wiki hiyo, huku mzazi akikatazwa kujibu mpaka amalize. Niliona baba mmoja, dereva wa bodaboda, akiambiwa na bintiye kwamba yeye binti huogopa baba anaporudi nyumbani usiku akiwa amekasirika. Yule baba aliinamisha kichwa. Bibi aliyeketi kati yao alimwambia kwa sauti ya chini, “Baba, umemsikia mwanao,” basi, shughuli ikaendelea. Mimi mwenyewe niliambiwa na mwanangu kwamba nikimwita mbele ya rafiki zake humwita kwa jina la utani la utotoni. Ni jambo dogo, na nililiacha siku hiyo hiyo.

Sasa niseme masharti yangu. La kwanza linahusu usalama. Alhamisi ya wiki ya pili ulitokea msiba, wazee wengi wakaenda huko, na watoto wakabaki na mzee mmoja aliyechoka, bila wazazi kupewa taarifa. Waliachiliwa saa moja na nusu usiku, na binti yangu alirudi na wenzake gizani, wakavuka barabara kuu peke yao. Nilikwenda kesho yake nikiwa na hasira, nikawaamkia, nikasema yote niliyokuwa nayo moyoni. Walinisikiliza hadi mwisho. Kisha mzee mkubwa akamwita nsumba ntale, akamweleza mbele ya watoto wote kwamba safari hii wenye kosa ni wazee, na wazee watatu wakaenda kuteka maji. Lilinigusa jambo hilo, wala sijui ni wangapi kati yetu wangelifanya mbele ya watoto. Pamoja na hayo, faini haimrudishi mtoto aliyegongwa na gari. Tangu siku hiyo waliweka daftari la majina na simu za wazazi, lakini bado hakuna utaratibu ulioandikwa wa nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Mzazi anayempeleka mwanawe Desemba asiache kuudai.

La pili ni la wasichana. Ingawa nsumba ntale alikuwa msichana, ratiba iliwapeleka wavulana kwenye ngoma na wasichana kwenye kukata na kuanika viazi. Kazi ya michembe ni nzuri na ina ujuzi wake, maana viazi vikikatwa vinene huoza kabla ya kukauka, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba binti yangu aliomba ngoma siku tano mfululizo, akajibiwa “baadaye”, mpaka bibi mmoja alipoingilia kati na kusema aachwe apige. Wiki ya mwisho alipiga. Isingepaswa kumgharimu siku zote hizo.

Wapo waliolalamika kwamba mafunzo ni ya Wasukuma watupu katika jiji lenye Wakerewe, Wahaya, Wajita na Wakurya. Mume wangu ni Mkerewe, na nilikuwa na wasiwasi huo kabla yao. Nilichokiona ni kwamba watoto wa makabila mengine walipokelewa vizuri, na katika shikome waliombwa walete hadithi za kwao. Mume wangu alialikwa Ijumaa moja akasimulia uvuvi wa Ukerewe, na watoto walimuuliza maswali hadi moto ukazimika. Mafunzo hayafichi kwamba ni ya Kisukuma, na kwa maoni yangu yakijaribu kuwa ya kila mtu yatakuwa hayana mwenyewe.

Kuhusu fedha, sikupewa stakabadhi, na niliyemuuliza alinijibu kwa adabu kwamba kila kitu kimo kichwani mwa mweka hazina. Sidhani kama kuna aliyekula fedha yetu. Lakini kuna vijana tisa waliovuka miaka 18 ambao husaidia kufundisha na ambao wangependa kutengeneza ngoma za kuuza, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki. Kichwa cha mweka hazina, hata kiwe kiaminifu namna gani, afisa maendeleo ya jamii hawezi kukifungua akakisoma. Nimejitolea kuwasaidia kuandika daftari la mapato na matumizi, nao wamekubali.

Kwa watakaokwenda Desemba: majina huandikwa wiki moja kabla ya shule kufungwa, na nafasi hujaa haraka. Mpeleke mtoto na nguo za kuchafuka, sufuria ndogo na kikombe. Mvua za Desemba ni nyingi na mwembe hauzuii kitu, kwa hiyo ulizeni kama turubai walilosema watanunua limenunuliwa. Na Ijumaa mjipange kufika, kwa kuwa mtoto ambaye mzazi wake hakuja huketi na bibi, na bibi humsikiliza vizuri, lakini nilimtazama kijana mmoja jioni mbili zilizofuatana, na kila mlango wa uwanja ulipolia aligeuza kichwa.