Fimbo ya kuvulia ya futi 9 namba 5: inalifaa bega la mzee?

Kwa mvuvi aliyevuka miaka 60 anayefuata perege wa mabwawa ya Hombolo au Mtera, upande wa Dodoma, kwa chambo cha manyoya (ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu), tunaipendekeza fimbo ya kaboni ya futi 9, namba 5, ya vipande vinne, inayopinda hadi katikati. Wengi huagiza namba 8 ngumu wakidhani nguvu ndiyo inayofikisha chambo mbali. Bega ndilo linalolipia.

Namba hiyo ni uzito wa mshipi. Chambo cha manyoya ni chepesi mno, hakirushiki chenyewe. Kinachorushwa ni mshipi. Mita 9 za mwanzo za mshipi wa namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi, za namba 8 zina karibu 13.6. Rudia mrusho huo asubuhi nzima, na fimbo na rili (gurudumu la kuviringia mshipi) nazo zikiwa nzito zaidi, uone mkono utakavyochoka. Kuna kano inayopita chini ya mfupa wa juu ya bega. Kiwiko kikipanda kupita usawa wa bega, kano hiyo hubanwa pale, na uzeeni huwa imeshachakaa.

Fimbo hii inapinda vizuri hata ukiwa umetoa mita 8 tu za mshipi, kwa hiyo haikulazimishi kuinua mkono. Lefty Kreh, mwalimu mashuhuri wa Marekani aliyefariki mwaka 2018, alifundisha kiwiko kitembee kana kwamba kimewekwa juu ya rafu. Ndivyo fimbo hii inavyotaka. Simama mguu wa kulia nyuma kidogo, kiwiko karibu na mbavu, ncha ya fimbo ikigusa maji. Vuta mshipi uliolegea mpaka unyooke, kwa sababu mshipi ukilegea, nusu ya mrusho hupotea bure na mkono hupanda kufidia. Anza polepole, ongeza kasi, simamisha mkono ghafla kabla haujapita sikio. Subiri mshipi unyooke nyuma. Hapa ndipo wengi huharibu: wanarudi mbele mapema, mshipi unakosa uzito wa kuipinda fimbo, basi wanasukuma kwa bega. Mrusho mmoja wa hewani, yaani kwenda na kurudi bila chambo kugusa maji, unatosha, wa pili ukibidi. Zaidi ya hapo ni kujichosha.

Bega likishaanza kuuma, peleka mshipi nyuma kwa ubavu, mkono ukiwa usawa wa kiuno, kisha uulete mbele kwa juu bila kusita katikati. Mkono wa kushoto nao ufanye kazi: uvute mshipi sentimita 20 au 30 wakati fimbo inapoongeza kasi. Penye migunga nyuma yako usihangaike. Viringisha mshipi juu ya maji bila kuupeleka nyuma.

Sasa kasoro. Mpini wa fimbo nyingi za aina hii ni mwembamba, na mpini mwembamba hukufanya ubane vidole, mkazo ukipanda hadi begani. Uzungushie utepe wa raketi ya tenisi, au ukanda wa tyubu ya baiskeli. Rili nyepesi kupita kiasi nayo ni tatizo: funga rili, pitisha mshipi, kisha laza fimbo juu ya kidole kimoja mbele ya mpini. Ncha ikianguka, mkono wako utakuwa unaibeba siku nzima. Tafuta rili nzito kidogo. Na mshipi unaouzwa pamoja na fimbo usome uzito wake kabla ya kulipa, maana baadhi ya mishipi hutengenezwa mizito kuliko namba iliyoandikwa.

Upepo wa Dodoma ni mtihani halisi. Ukitumia mkono wa kulia, chagua ukingo ambao upepo unatokea kushoto kwako. Ukitokea kulia unaleta ndoana usoni. Ukivuma sana, sogea karibu, vua mita 10. Mtera vua ukiwa nchi kavu, mbali na ukingo, kwa sababu ya mamba na viboko.

Hombolo ina tope jepesi linaloshika mshipi na kuufanya ukwame kwenye pete za fimbo, hapo mtu huongeza nguvu bila kujua. Ukirudi nyumbani, osha mshipi kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo ya mche, uupitishe kwenye kitambaa laini, uukaushe kivulini.

Maumivu yanayokuamsha usiku, au mkono usiopanda kuchana nywele, hayatibiwi na fimbo yoyote. Muone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia, fimbo ununue baadaye.