Lithuania na Estonia: kujitoa Usovieti kwa mkupuo au kwa hatua

Tarehe 11 Machi 1990 Baraza Kuu (bunge) la Lithuania, wakati huo jamhuri ya Muungano wa Kisovieti kama Estonia, lilitangaza kurejesha uhuru papo hapo: kura 124 za ndiyo, hakuna ya hapana, wajumbe 6 hawakuegemea upande wowote. Gharama yake ilikuja haraka. Kuanzia Aprili 18 Moscow ilikata mafuta ghafi ya kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mažeikiai, Lithuania, na kupunguza gesi. Petroli ikawa ya mgao. Mwishoni mwa Juni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, ilikubali kusitisha utekelezaji wa tamko kwa siku 100 mazungumzo yakianza, ndipo mafuta yakarudi. Januari 1991 vifaru vya Kisovieti vilifika mnara wa televisheni wa Vilnius. Waliouawa ni 14.

Estonia ilitangaza mamlaka yake, yaani sheria zake kuwa juu ya zile za Usovieti, Novemba 1988, kisha Machi 30, 1990 ikatangaza kipindi cha mpito tu. Haikuwekewa vikwazo vya mafuta. Uhuru kamili ulisubiri Agosti 20, 1991, jaribio la mapinduzi Moscow likiyumba.

Tusidhani Estonia ilitii sheria ya Usovieti ya kujitoa ya Aprili 1990, iliyodai theluthi mbili ya wapiga kura waunge mkono katika kura ya maoni na mpito wa hadi miaka 5. Zote mbili ziliikwepa, na zote zilitambuliwa na Moscow Septemba 6, 1991. Kwa maoni yetu, subira ya Estonia ilikuwa nafuu kwa sababu Lithuania ilitangulia kupigwa.