Kipima umbali cha leza, kuro wa Handeni, na sentensi moja niliyonyimwa dukani

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa msimu umeshapita na bunduki imeshafungiwa kabatini. Nilinunua kipima umbali cha leza katika duka moja la hapa Tanga mjini, kwa fedha nilizozidunduliza kwa miezi mingi, kwa sababu macho yangu hayana tena ukali wa zamani na sikutaka kumpiga mnyama kwa kubahatisha. Kijana aliyeniuzia alikuwa na maneno mengi matamu. Alikisifia kwa jinsi kinavyopima mteremko, akanieleza kwamba ukiwa juu ya kilima na mnyama yuko chini yako, mita 200 kwa pembe ya digrii 30, unapaswa kulenga kana kwamba yuko mita 173 tu. Hilo ni kweli kabisa, na lingemfaa anayewinda kwenye miinuko. Mimi nawinda kwenye tambarare zenye nyasi ndefu. Nilimwambia hivyo, na hapo ndipo alipopaswa kunieleza jambo moja ambalo hakunieleza.

Mwezi Julai, mwanzoni mwa msimu, nilikwenda upande wa Handeni nikiwa na leseni yangu na askari wa wanyamapori. Nyasi zilikuwa bado hazijaungua, nyingine zimefika kifuani. Asubuhi tulimwona kuro dume, mnyama mkubwa wa jamii ya swala, amesimama ubavu, pembe zimelala nyuma kisha zikapinda mbele, miguu yote imemezwa na majani. Kwa macho nilikadiria kwamba yuko zaidi ya mita 200. Nikainua kipima umbali, nikabonyeza, kikaandika 112. Nikabonyeza tena, 112. Askari akaninong'oneza, “Mzee wangu, yule yuko mbali kuliko hapo.” Badala ya kumsikiliza nikampa kifaa naye aisome namba. Alinyamaza, nami nikanyamaza, kwa sababu namba iliyowaka ndani ya kioo ina nguvu ya kumfanya mtu ayakane macho yake mwenyewe.

Bunduki yangu ya risasi za kipimo cha .30-06 nimeirekebisha ipige pale pale ninapolenga kwa mita 100, kwa hiyo kwa 112 sikuwa na cha kuongeza. Nikaweka msalaba wa darubini nyuma ya bega, chini, penye moyo, nikafyatua. Baadaye tulipopima kwa hatua tukapata mita 230 na ushei, na kwa umbali huo risasi yangu inakuwa imeshuka karibu shibiri moja. Ilimvunja mguu wa mbele.

Tulimfuata kwa saa tatu. Kila baada ya hatua kumi hivi palikuwa na tone la damu kwenye jani, kimo cha goti, upande wa kushoto tu, na pale ambapo tone halikuonekana ilitubidi turudi nyuma tuanze upya. Tulimkuta amelala kwenye vichaka vya korongo, amegeuza kichwa anatutazama, masikio yake yakipiga nzi kama ng'ombe aliyetulia zizini. Nikammaliza. Nimewinda tangu ujana wangu na sijawahi kumtesa mnyama kwa muda mrefu kiasi kile.

Niliporudi mjini nilikwenda dukani moja kwa moja, si kugombana, bali kuuliza. Sikukaribishwa hata kiti. Kijana yule hakuinua macho kwenye simu yake. Alisema mbele ya wateja, “Mzee, vitu vya kisasa vina wenyewe,” kisha akaongeza kwamba kama macho yamechoka hata mashine haiwezi kusaidia. Watu wawili walicheka. Mimi nina umri wa baba yake mzazi. Kama ningeandika usiku ule, ningesema kifaa ni takataka na duka ni la matapeli, na ningeishia hapo.

Kilichonizuia ni mkonge. Marehemu baba alifanya kazi shambani, na ndiye aliyenifundisha kukadiria umbali. Katika shamba lile mkonge ulipandwa mistari miwili miwili, mita 1 kati ya mstari na mwenzake, kisha nafasi ya mita 4, kwa hiyo kila jozi ilikula mita 5, na jozi 20 zikafanya mita 100. Alikuwa akinionyesha kitu, nataja idadi ya jozi, kisha tunakwenda tukihesabu. Alinionya kwamba kitu kilicho kivulini huonekana kiko mbali kuliko kilivyo, na kilicho kwenye jua kali au ng'ambo ya bonde huonekana karibu. Basi nikamchukua mpwa wangu tukaenda kwenye shamba lenye mpangilio huo huo, penye barabara inayokata mistari, akasimama na ubao kwenye jozi ya 40. Kifaa kikaandika 200. Nilirudia mara kumi, nikapata 199, 200, 201. Akasogea jozi ya 60, kikaandika 300.

Kisha tukausimika ubao tena kwenye jozi ya 40, tukafunga matita ya nyasi kwenye miti, tukayasimamisha mita 12 mbele yangu, yakiyumba kwa upepo wa kusi. Ubao nilikuwa nauona vizuri kati ya majani. Kifaa kikaandika 12.

Nikaelewa. Kifaa kinatuma mwanga usioonekana kwa macho na kuhesabu muda unaotumia kwenda na kurudi, lakini mwale ule si uzi. Unatanuka kadiri unavyosafiri, na jani lolote linaloukinga huurudisha kabla ya mnyama. Kuro wangu alikuwa nyuma ya pazia la nyasi lililoko mita 112. Mpwa wangu aliminya kitufe kimoja kwa muda, akapata mpangilio unaoacha kilicho karibu na kusoma kilicho mbali zaidi, na kwa nyasi zile zile kikaandika 200. Haikuchukua hata nusu dakika.

Kwa hiyo kifaa hakikunidanganya, na itakuwa dhuluma nikisema vinginevyo. Hata zile mita 1,000 zilizoandikwa kwenye boksi kuwa ndio upeo wake si uongo mtupu, kwani bati la paa la mbali kililisoma bila taabu, ila ng'ombe mweusi kwa mita 400 kilinipa vistari vitupu, maana manyoya meusi hurudisha mwanga kidogo. Anayetaka kununua aulize kinamsoma mnyama kwa umbali gani, wala asikubali kujibiwa habari za mabati.

Lakini kadiri ninavyojua jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo, ndivyo hasira inavyonirudia. Kijitabu chake ni cha Kichina na Kiingereza, kwa herufi za kusomwa kwa lenzi. Nilimwambia muuzaji kwa kinywa changu kwamba nawinda kwenye nyasi. Kama hakujua habari ya kitufe kile, anauza asichokijua. Kama alijua, alininyima maneno kumi, kisha akanicheka.

Nilikuwa nimeamua kubaki nacho. Ningekadiria kwanza kwa jozi za mkonge, ndipo nibonyeze, na namba mbili zikipishana kwa zaidi ya mita 30 nisifyatue. Ni utaratibu mzuri na ninauamini. Hata hivyo kila ninapokishika nayaona masikio yale yakipiga nzi, na siku mbili tatu hizi nimeanza kufikiri kukiuza. Atakayekihitaji nitampunguzia bei, na kabla hajalipa nitamwonyesha kile kitufe.