Devdas za 1955, 2002 na 2009: Paro na Chandramukhi yupi kanikaa moyoni

Devdas ni hadithi ya mapenzi ya Kihindi iliyotengenezwa filamu mara nyingi, na watu wakibishana kuihusu hubishania mwanamume aliyemwigiza Devdas: Dilip Kumar wa 1955 au Shah Rukh Khan wa 2002? Mimi nimezitazama hizo mbili na ya 2009, na nasema hadithi hii inabebwa na wanawake wawili. Paro, binti wa jirani, anaozwa kwa mgane mwenye watoto wakubwa kwa sababu Devdas alikosa ujasiri mbele ya baba yake. Chandramukhi, anayeishi kwa kucheza mbele ya wanaume, anampenda Devdas, aliyekwisha kuwa mlevi na moyo wake uko kwa Paro. Ndivyo alivyoiandika Sarat Chandra Chattopadhyay katika riwaya iliyotoka 1917.

Ya Bimal Roy ya 1955 haina rangi, na mwendo wake ni wa taratibu, lakini Suchitra Sen kama Paro! Usiku anakwenda peke yake chumbani kwa Devdas kumwomba amkubali, na anaongea kama mtu aliyekwisha kuamua. Aibu yote inabaki kwa mwanamume. Nikamlinganisha na Aishwarya Rai, Paro wa 2002. Aishwarya ni mzuri mno, na ile taa anayoiwasha kwa ajili ya Devdas asiizime miaka yote inaumiza kweli. Ila mwongozaji Sanjay Leela Bhansali kamzungushia vioo, vito na hariri nyingi kiasi kwamba mara kadhaa nilitazama nguo nikasahau uso.

Kwa Chandramukhi, kuchagua kulinipa shida. Madhuri Dixit wa 2002 anacheza kwa macho kabla ya miguu, na kila akitokea filamu inatulia. Bhansali aliwakutanisha yeye na Paro wakacheza Dola Re Dola pamoja, jambo ambalo riwayani halimo. Ni ngoma tamu, nimeirudia sana. Lakini mwaka 1955 wanawake hao wanapishana tu njiani, Paro ndani ya machela, Chandramukhi kwa miguu. Wanatazamana, hakuna anayesema neno, kila mmoja anakwenda zake. Vyjayanthimala, Chandramukhi wa 1955, anasema yote kwa jicho moja. Filmfare, watoaji wa tuzo za filamu za India, walipompa tuzo ya mwigizaji msaidizi aliikataa, akisema nafasi yake ilikuwa sawa na ya Paro. Ukiitazama filamu utamuunga mkono. Madhuri naye alipewa tuzo hiyohiyo ya msaidizi, na bado naona hakutendewa haki.

Dev.D ya Anurag Kashyap, 2009, inayoisimulia hadithi hii kwa mazingira ya kisasa, si ya kutazama na wazazi sebuleni. Paro wa Mahie Gill anabeba godoro kwenye baiskeli hadi shambani kumfuata mpenzi wake, akidhalilishwa anaolewa kwingine na hageuki nyuma. Nilimpenda kwa hilo. Kalki Koechlin kama Chanda, yaani Chandramukhi wa filamu hii, ana uchungu wa kweli, ingawa nusu ya pili inavutwa mno.

Angalizo kwa mnunuzi: nakala ya 2002 niliyoipata kwanza kibandani ilikuwa imetafsiriwa na DJ aliyeongea juu ya kila kitu, hadi nyimbo. Tafuta yenye sauti ya asili na maandishi chini. Anza na ya 1955 wakati umetulia, bila simu mkononi, kisha ya 2002 kwenye skrini kubwa. Nyota tano kwa Vyjayanthimala na Suchitra Sen, nne na nusu kwa Madhuri, tatu na nusu kwa Aishwarya.