Sola ya juu ya paa Dodoma: paneli zinalipa, betri ndiyo inayokula fedha

Tathmini hii ninamwandikia mwenye nyumba ambaye tayari ana umeme wa TANESCO na anataka kujua kama paneli za sola juu ya paa zitamrudishia fedha zake. Ninaishi Dodoma, na uzoefu wangu umenifundisha kwamba kabla ya kuulizia bei ya paneli, mtu anapaswa kujua yuko kwenye tarifu gani.

Aliye kwenye tarifu ya D1, ile ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, kwa hiyo umeme wake wa mwezi ni kama shilingi 9,000 tu. Mtu huyo asikubali kuambiwa kwamba sola itampunguzia gharama, kwa kuwa hata mfumo wa shilingi milioni moja ungehitaji zaidi ya miaka tisa kurudisha fedha hiyo, tena kwa sharti la kubeba matumizi yake yote, jambo ambalo mfumo wa bei hiyo hauwezi. Nyumba yangu iko kwenye T1, tarifu ya wanaozidi kiwango hicho, ambako uniti moja hugharimu takriban shilingi 356, na huko hesabu hubadilika kabisa.

Nilifunga paneli 4 za wati 550, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 5 inayotumia sola na TANESCO kwa pamoja, na betri ya lithiamu inayotunza takriban uniti 5. Paneli zilinigharimu shilingi milioni 1, inveta milioni 1.5, betri milioni 3.2, na vyuma, nyaya, erthi pamoja na ufundi vikamaliza milioni 1 nyingine. Kwa wastani ninatumia uniti 7 za jua kwa siku, 4 mchana na 3 usiku kupitia betri. Uniti 4 za mchana huokoa kama shilingi 520,000 kwa mwaka, kwa hiyo vifaa vyote visivyo betri, vyenye thamani ya milioni 3.5, vinarudisha gharama yake kwa miaka isiyofika 7, ilhali paneli huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25. Betri peke yake inaokoa kama shilingi 390,000 kwa mwaka, yaani inahitaji zaidi ya miaka 8, na dhamana yake ni miaka 10. Ukiipima kwa fedha tu, betri inaponea chupuchupu.

Hata hivyo, siwezi kuilaumu betri bila kukumbuka mgao wa umeme wa mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha. Wakati ule mtu hakununua betri ili aokoe fedha. Alinunua ili nyama isiharibike kwenye friji na watoto wasome usiku. Mwenye duka la vinywaji baridi au saluni bado ana sababu hiyo. Ila muuzaji akikushawishi uchukue betri za asidi kwa kuwa bei yake ni rahisi, mwulize ni kiasi gani cha chaji unaruhusiwa kutumia: nyingi hazipaswi kushuka chini ya nusu, na zikishushwa zaidi mara kwa mara hufa mapema sana.

Ufungaji unastahili uangalifu kuliko wanunuzi wengi wanavyoupa. Fundi wangu alipitisha skrubu kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde maji yanakopita, akahakikisha kila moja inashika papi, yaani mbao zinazobeba bati, na ina raba yake, na mvua za Januari hazikupenyeza hata tone. Aliacha pia nafasi ya kama sentimita 10 kati ya bati na paneli ili hewa ipite, kwa sababu paneli hupoteza nguvu kadiri inavyopata joto. Paneli zangu za jumla ya wati 2,200 mara chache huzidi wati 1,800 hata saa sita mchana. Aliziweka mbali na mnara wa simtanki, kwani kivuli kikiangukia paneli moja huweza kushusha uzalishaji wa zote zilizounganishwa kwa mfululizo.

Adui mkubwa wa Dodoma ni vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, upepo hulaza tabaka jekundu juu ya vioo, na uzalishaji huonekana waziwazi ukipungua kwenye skrini ya inveta. Ninasafisha paneli alfajiri, kioo chake kikiwa bado baridi, kwa maji na kitambaa laini bila sabuni ya unga, maana inakwaruza.

Kwa aliye kwenye T1, mwenye nyumba yake mwenyewe na kazi nyingi za mchana kama kupandisha maji, kufua na kugandisha, ninashauri aanze na paneli pamoja na inveta inayokubali betri baadaye, kisha ahamishie mchana kila kazi inayohamishika. Tangu pampu yangu ianze kuwashwa saa nne asubuhi badala ya jioni, betri inafika usiku ikiwa imejaa. Nikipata fedha nyingine nitaongeza paneli 2. Betri ya pili haimo kwenye mipango yangu.